Kutoka Ntoto hadi Arusha: Habari za Kutafuta Baraza la Haki katika Nchi za Maziwa Makuu

Siku ya Jumamosi, tarehe 20 Machi 1993, watu waliokuwa wamekusanyika sokoni Ntoto, katika wilaya ya Walikale, mashariki mwa Kongo, upande ule unaopakana na Masisi, walivamiwa na wapiganaji wa Kinyanga na Kihunde waliokuja na bunduki, mapanga, mishale na mikuki, wakauawa kwa makumi. Na baadhi yao, waliojitosa katika mto Lowa ili waokoe roho zao, wakafa maji. Wengi wa marehemu hao walikuwa Wahutu, katika jamii ya watu waitwao Wanyarwanda, ambao wazee wao ama walikuwako katika nchi ile tangu zamani, ama waliletwa humo na Wabelgiji. Kesho yake, siku ya Jumapili, mauaji yakafika Buoye. Na haukupita muda moto ukapanda milimani Masisi, na huko Wahunde nao wakachomewa nyumba, wakafukuzwa na kuuliwa kwa kisasi. Waliokufa katika vita hivyo hukadiriwa kuwa baina ya 6,000 na 10,000, na waliohama makwao kuwa wapata robo milioni.

Miaka kumi na saba baadaye, tarehe 1 Oktoba 2010, Umoja wa Mataifa ulipoitoa hadharani ile ripoti kubwa ya maovu yaliyotendwa Kongo, yenye matukio 617 na ushahidi wa watu zaidi ya 1,280, waandishi wake waliianzia hesabu yao mwezi wa Machi 1993. Kwa hiyo soko la Ntoto, ambalo halimo katika ramani nyingi za dunia, limesimama mwanzoni kabisa mwa daftari la madhila ya nchi hiyo. Na mimi naianzia hapo taarikh hii, kwa kuwa jambo lililowakabili mayatima na wajane wa Ntoto jioni ya siku ile ndilo lililobaki bila jawabu mpaka leo, nalo ni hili: mtu aliyedhulumiwa katika milima hiyo, na akawa hana tamaa ya kupata insafu kwa mahakimu wa dola yake, aende kwa nani? Juhudi zote za kuanzisha baraza la haki za binadamu kwa nchi jirani za Maziwa Makuu, nazo zimekuwa nyingi kuliko watu wanavyodhani, zapasa kupimwa kwa swali hilo moja. Na kila nikizipima nakuta kwamba nyumba ilijengwa, tena mara nyingi ikajengwa vizuri, ila aliyeachwa nje ni yule raia aliyejengewa.

Masisi na Walikale si nchi ambayo mambo yake yaweza kukatwa katika mji mkuu mmoja. Wabelgiji, waliotawala Kongo na Ruanda-Urundi kwa mkono mmoja, waliweka mwaka 1937 idara maalumu ya kuwahamisha Wanyarwanda kutoka Ruanda, iliyokuwa na watu wengi na njaa za mara kwa mara, na kuwapeleka Masisi kwenye majani mazuri na mashamba ya walowezi yaliyohitaji vibarua. Kazi hiyo ikaendelea hadi 1955, na huko Gishari wahamiaji wakapewa hata utawala wao wenyewe, ambao baadaye ukafutwa, huku wami (watemi) wa Kihunde wakiona ardhi yao imegawiwa bila radhi yao. Uhuru ulipokuja, swali la nani raia na nani mgeni likawa kama donda lisilofungwa. Sheria ya mwaka 1972 ikawapa uraia watu wengi kwa pamoja. Sheria ya tarehe 29 Juni 1981 ikauondoa, ikidai kila mtu athibitishe kuwa wazee wake walikuwa ndani ya mipaka ya Kongo tangu zama za ugawaji wa Afrika. Mkutano Mkuu wa Taifa ulipofunguliwa Kinshasa mwaka 1991, na habari za uchaguzi zikaanza kutajwa, wenye kutaka vyeo walilishika swali hilo wakalipeleka vijijini, ambako mtu hakuwa akiuliza cheti cha jirani yake bali shamba lake. Basi dhuluma ya Ntoto ilikuwa na shina Kinshasa, shina Brussels na shina Kigali, na hapakuwa na mahakama moja iliyoweza kuyaita mashina yote matatu mbele yake.

Wala si kweli kwamba wazo la kuwa na mahakama kama hiyo lilikuwa halijawapitikia Waafrika. Mwezi wa Januari 1961 wanasheria 194 walikusanyika Lagos, wakaziomba serikali za bara hili zifikiri juu ya mkataba wa Afrika wa haki za binadamu, wenye mahakama ya kuulinda, na wakasema bayana kwamba mahakama hiyo iwe wazi kwa watu wote walio chini ya mamlaka ya dola zitakazotia sahihi. Naomba msomaji ayaweke moyoni maneno hayo, watu wote, maana ndiyo yaliyopotea njiani. Jambo hilo likarudiwa katika mikutano ya Umoja wa Mataifa, mmoja wao ukifanyika Dar es Salaam mwaka 1973. Na mwaka 1979 huko Monrovia wakuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wakakubali mkataba uandikwe. Kazi ya uandishi ilisimamiwa na Kéba Mbaye, hakimu mashuhuri wa Senegal, na mkataba ukapitishwa Nairobi mwezi wa Juni 1981. Lakini ulipopitishwa mahakama haikuwamo. Ikawekwa Tume, yenye kupokea malalamiko, kuyachunguza na kutoa mapendekezo, ikaanza kazi mwaka 1987, na makao yake yakawekwa Banjul, Gambia, upande wa pili wa bara. Rwanda iliridhia mkataba huo mwaka 1983, Uganda 1986, Zaire (ndilo jina la Kongo wakati huo) 1987 na Burundi 1989. Hivyo siku ya Ntoto serikali zote nne zilikuwa zimekwisha kujifunga mbele ya Afrika kwamba zitailinda nafsi ya mtu.

Nchi tatu kati ya hizo zilikuwa pia na umoja wao wenyewe. Tarehe 20 Septemba 1976, mjini Gisenyi, marais wa Zaire, Rwanda na Burundi waliasisi Jumuiya ya Uchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, ikapata benki yake ya maendeleo huko Goma, idara ya umeme, na taasisi ya utafiti wa kilimo na mifugo. Walijenga hata bwawa la umeme la ubia katika mto Ruzizi. Lakini jumuiya hiyo, ambayo benki yake ilikuwa chini tu ya milima ya Masisi, haikuwa na chombo hata kimoja ambacho mtu wa milima hiyo angeweza kukiendea akasema, nimedhulumiwa. Marais walipozungumza juu ya usalama walikusudia usalama wa serikali zao, na kila mmoja alikuwa na sababu ya kutomuuliza mwenziwe habari za raia wake.

Walioanza kuuliza ni watu wasio na vyeo. Baada ya mwaka 1990, vyama vingi viliporuhusiwa, palizuka katika nchi hizo tatu vikundi vya kutetea haki: Burundi ikapata Ligue Iteka mwaka 1991, na Bukavu, katika makanisa ya Kiprotestanti, kikazaliwa Héritiers de la Justice, yaani Warithi wa Haki. Vikundi hivyo vikaona upesi kwamba mambo wanayoyaandika hayana mpaka: mkimbizi wa Burundi yuko Rwanda, wa Rwanda yuko Zaire, na bunduki iliyoua huku imenunuliwa kule. Kwa hiyo, mwezi wa Mei 1993, wakati damu ya Masisi ilikuwa haijakauka, vyama vya Burundi, Rwanda na Zaire vikaungana na kuanzisha Ligi ya Haki za Mtu katika Kanda ya Maziwa Makuu, inayojulikana kwa herufi za jina lake la Kifaransa, LDGL. Kwa maoni yangu, hilo ndilo baraza la kwanza la haki za binadamu la nchi hizi jirani. Nalo halikuwekwa na dola, bali lilizaliwa na watu walioogopa pamoja.

Na kazi ya watu hao, kila mwenye kuijua nchi hiyo aweza kuiona kwa macho ya moyo. Mchunguzi huondoka Goma alfajiri, akapita Sake palipo ncha ya ziwa, kisha akapanda Mushaki ambako malisho ya ng'ombe huanza na baridi huingia mifupani. Hukutana njiani na vijana walioshika chukudu, yale magari ya mbao ya magurudumu mawili, wakishuka nazo na viazi na makaa. Hufika Masisi mjini akiwa na bahati, na akitaka kushuka msituni kuelekea Nyabiondo na Walikale aghalabu njia humkatikia, akaendelea kwa miguu. Kijijini haanzi kwa kuuliza nani ameua. Husalimu, hukaa, hungoja mpaka mwenyeji aone kuwa ametumwa na nafsi yake na si na jeshi. Kisha huuliza jina la marehemu, jina la baba yake, siku ya juma, soko lilikuwa limejaa au limekwisha, waliokuja walikuwa wangapi, walivaa nini, na lugha gani walisemeshana. Siku ya soko hutumika mahali pa kalenda, kwani mama aliyempoteza mtoto aweza kusahau tarehe lakini hasahau soko. Daftari hufichwa chini ya maharage au ndani ya shati, kwa sababu kwenye kizuizi cha barabarani hupekuliwa kila kitu, na karatasi yenye majina ya wauaji ni hati ya kifo kwa yeyote atakayekutwa nayo.

Mwaka mmoja baada ya kuasisiwa umoja huo, mauaji ya kimbari yakaiangamiza Rwanda, na mwezi wa Julai 1994 wakimbizi zaidi ya 800,000 wakamiminika Goma na pembezoni mwake, wakiwamo askari na wapiganaji walioyatenda mauaji hayo, silaha zao mikononi. Wengi wao wakapanda Masisi. Watutsi wa milima hiyo wakasakwa. Na mwezi wa Mei 1996 wale waliokuwa wamekimbilia katika nyumba ya watawa huko Mokoto wakashambuliwa humo humo na kuuliwa. Roberto Garretón, mwanasheria wa Chile aliyewekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1994 kuchunguza haki za binadamu nchini Zaire, aliandika habari za Masisi kwa mkazo, akaonya kwamba vita vyaja, na akataka iwepo ofisi ya kudumu ya wachunguzi. Ofisi hiyo ikafunguliwa Kinshasa mwishoni mwa 1996, vita vikiwa vimeshaanza.

Watetezi wa haki wenyewe wakalipa gharama kubwa. Usiku wa tarehe 31 Julai 2005 watu wenye silaha waliingia nyumbani kwa Pascal Kabungulu Kibembi mjini Bukavu, wakamuua mbele ya jamaa zake. Marehemu alikuwa katibu wa Héritiers de la Justice na makamu wa rais wa LDGL, na kwa miaka mingi alikuwa akiandika bila kuchagua kabila wala jeshi. Kesi ilifunguliwa katika mahakama ya kijeshi, ikasimama njiani. Mtu akitaka kujua kwa nini baraza la raia peke yake halikutosha, na atazame kesi hiyo: lilikuwa na ushahidi wa maovu ya watu wengine kwa makabati mazima, lakini halikuweza kumfikisha mbele ya hakimu muuaji wa kiongozi wake.

Wakati huo huo dola zilikuwa zikijaribu njia ya kwao. Mwaka 1999, majeshi ya Rwanda, Uganda na Burundi yakiwa ndani ya Kongo, serikali ya Kinshasa ilipeleka Banjul shitaka dhidi ya nchi hizo tatu. Halikupata kuonekana jambo kama hilo. Katika miaka yote ya Tume hakuna dola ya Afrika iliyokuwa imeishtaki dola nyingine mbele yake. Rwanda na Uganda zikajibu, Burundi haikujibu. Na mwezi wa Mei 2003, katika kikao cha Niamey, Tume ikaamua kwamba mashtaka yamethibitika: mauaji ya raia, kunajisiwa kwa wanawake, kuhamishwa kwa watu, kunyang'anywa kwa mali ya nchi. Ikataka majeshi yaondoke na fidia ilipwe kwa serikali ya Kongo kwa ajili ya wale walioumizwa. Uamuzi ulikuwa wa haki, na ulikuwa wa kishujaa kwa chombo kichanga na maskini. Walakini Tume haina polisi wala mwenye kukazia hukumu. Fidia hiyo haikulipwa. Na uamuzi wenyewe ulicheleweshwa kutangazwa hata watu wengi wa mashariki mwa Kongo hawakupata kujua kwamba Afrika imekwisha kutamka juu ya misiba yao. Nalihuzunikia hilo kuliko kutolipwa, kwa maana mtu aliyedhulumiwa akisikia tu kwamba neno lake limesadikiwa hupata nusu ya haki yake.

Baada ya amani ya mwaka 2003, marais walirudi katika wazo la umoja, safari hii kwa upana zaidi. Tarehe 20 Novemba 2004, mjini Dar es Salaam, wakuu wa nchi kumi na moja, kutoka Angola hadi Kenya na kutoka Sudan hadi Zambia, walitia sahihi azimio la amani. Na mwezi wa Desemba 2006 huko Nairobi wakatia sahihi Mkataba wa Usalama, Utulivu na Maendeleo, ulio na itifaki kumi ndani yake. Mojawapo yazihusu haki za mali za watu wanaorejea makwao, nyingine yahusu kinga na adhabu ya kimbari na makosa ya vita, na nyingine yawahusu wanawake na watoto wanaonajisiwa. Sekretarieti ikafunguliwa Bujumbura mwaka 2007, na katibu mtendaji wa kwanza akawa Bi Liberata Mulamula wa Tanzania. Nimezisoma itifaki hizo kwa heshima, maana hazikuandikwa na watu wavivu: yale yaliyowapata watu wa Masisi yametajwa humo moja moja, hata unadhani mwandishi alikuwa na daftari la mchunguzi mezani. Mwezi wa Juni 2008 mkutano wa nchi hizo ulikwenda mpaka Goma kwenyewe, ukatoa azimio dhidi ya unajisi na dhidi ya kuwaacha wakosaji bila adhabu. Na mwezi wa Septemba 2010 ikaundwa Kamati ya Kanda ya kuzuia kimbari. Kitu kimoja hakikuandikwa: mahakama. Mkataba wote, pamoja na itifaki zake kumi, hauna hakimu ambaye raia wa nchi hizo aweza kwenda kwake kusema kwamba dola imevunja ahadi yake.

Matokeo yake yalionekana Walikale. Baina ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti 2010, katika vijiji kumi na vitatu vilivyo kando ya njia ya Kibua na Mpofi, Luvungi kikiwa mashuhuri kuliko vyote, wapiganaji wa FDLR, kundi la waasi wa Kihutu kutoka Rwanda, pamoja na wale wa Mai-Mai Sheka na wenzao waliotoroka jeshini walifunga njia, wakaingia nyumba kwa nyumba, wakanajisi. Umoja wa Mataifa ukathibitisha watu wasiopungua 387 waliotendewa hivyo, wanawake, wasichana, na hata wanaume na wavulana. Askari wa kulinda amani walikuwa na kambi Kibua, si mbali. Dunia ilipiga kelele. Na mwezi wa Desemba 2011 wakuu wa Maziwa Makuu wakakutana Kampala kwa shauri hilo hilo la unajisi, wakaahidi mahakama maalumu, polisi waliofunzwa na matunzo kwa walioumizwa, na mwaka 2014 kikafunguliwa Kampala chuo cha kanda cha kuwafundisha mahakimu, waganga na polisi kazi hiyo. Chuo ni jambo jema, nami silidharau. Lakini aliyemhukumu Ntabo Ntaberi Sheka, kiongozi wa Mai-Mai Sheka, hakuwa chombo cha kanda. Sheka alijisalimisha mwezi wa Julai 2017, akahukumiwa na mahakama ya kijeshi ya Goma kifungo cha maisha tarehe 23 Novemba 2020, baada ya mashahidi kutoka Walikale kuthubutu kusimama na kusema. Na kwa hukumu hiyo mahakimu wa Goma wastahili sifa. Na ule msiba wa Busurungi, kijiji kingine cha Walikale kilichochomwa na FDLR mwezi wa Mei 2009 pamoja na watu wake, ulisikilizwa mbali zaidi, Stuttgart, Ujerumani, ambako viongozi wa FDLR waliokuwa wakiishi huko walipata hukumu mwaka 2015. Fikiri jambo hilo: kilio cha mtu wa Busurungi kilipata hakimu Ulaya, lakini katika nchi zote kumi na moja zilizotia sahihi Nairobi hakikupata.

Imebaki habari ya Arusha, mji ambao kwa sasa una mahakama mbili zenye kuhusika na jambo hili. Ya kwanza ni ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kazi mwaka 2001. Mkataba wa Jumuiya uliahidi, katika kifungu cha 27, kwamba mahakama hiyo itapewa mamlaka juu ya haki za binadamu siku itakayofaa, kwa itifaki ya baadaye. Rasimu ya itifaki iliandikwa mwaka 2005. Marais hatimaye wakaizidishia mahakama mamlaka katika mambo ya biashara, na haki za binadamu wakaziacha zilipo. Mahakimu wenyewe ndio waliotafuta upenyo. Katika kesi ya James Katabazi na wenzake dhidi ya Uganda, iliyohukumiwa tarehe 1 Novemba 2007, walisema kwamba hawatakataa kazi yao ya kufasiri mkataba kwa sababu tu ndani ya malalamiko pana suala la haki za binadamu, na tangu hapo raia wa nchi hizi wamekuwa wakipita hapo. Uzuri wa mahakama hiyo ni kwamba mtu wa kawaida aweza kuiendea moja kwa moja bila ruhusa ya serikali yake. Ubaya wake ni muda, kwani mkataba umempa mlalamikaji miezi miwili tu. Waliojaribu kudai kwa niaba ya watu wa Mlima Elgon nchini Kenya kwa ajili ya mateso na mauaji ya miaka ya 2006 hadi 2008 walishinda katika hatua ya kwanza, kisha mwezi wa Machi 2012 daraja ya rufani ikasema wamechelewa.

Kongo iliingia katika Jumuiya hiyo mwaka 2022, na kwa hiyo mtu wa Masisi leo, kwa maandishi, ana haki ile ile aliyo nayo mtu wa Mlima Elgon. Lakini miezi miwili kwa mtu wa Masisi ni nini? Tangu waasi wa M23 walipoanza tena vita, kijiji kimoja hutekwa na kukombolewa na kutekwa tena. Kitchanga ilitwaliwa Januari 2023, Rubaya na madini yake Aprili 2024, Masisi mjini Januari 2025, kisha Goma, na tarehe 19 Machi 2025 hata Walikale mjini ilishikwa kwa muda. Jeshi la Jumuiya hiyo hiyo lililotumwa mwishoni mwa 2022, likiwamo kundi la Warundi lililowekwa katika njia za Masisi, liliondoka Desemba 2023 kwa kuwa Kinshasa haikuridhika nalo. Mwanamke aliyekimbia na watoto kutoka Nyabiondo mpaka kambi za Goma, na kambi zikavunjwa, akarudi asikokujua, huyo miezi miwili humpita akiwa bado anatafuta mahali pa kulaza kichwa, seuze wakili.

Mahakama ya pili ni ya Afrika nzima, ile iliyokosekana Nairobi mwaka 1981 na ambayo itifaki yake iliandikwa Ouagadougou mwaka 1998. Hapo dola yaweza kuishtaki dola. Lakini raia hawezi kuishtaki dola, ila kama dola hiyo anayoishtaki imeweka azimio maalumu la kuruhusu hilo. Rwanda ililiweka azimio hilo mwaka 2013, ikaliondoa mwaka 2016. Tanzania, mwenyeji wa mahakama, ililiweka 2010 ikaliondoa 2019. Kongo iliiridhia itifaki ya mahakama, azimio haikuliweka. Kisha mwaka 2023 Kongo hiyo hiyo ikaenda Arusha na kuishtaki Rwanda kwa yaliyotendeka Kivu ya Kaskazini, katika mahakama hizo mbili pamoja. Rwanda ikapinga, ikasema mahakama ya Afrika haina mamlaka na kesi haipokeleki. Na tarehe 26 Juni 2025 mahakimu wakayakataa mapingamizi hayo, wakaamua kwamba shauri litasikilizwa katika kiini chake. Ni mara ya kwanza kesi ya dola kwa dola kufika hatua hiyo mbele ya mahakama ya Afrika.

Nakiona kitendo hicho cha Kinshasa kuwa chema, na natumai kesi itafika mwisho, kwa maana yaliyotendwa Masisi na Walikale na yeyote, wa ndani au wa nje, hayana budi kutamkwa na hakimu wa Kiafrika kwa jina lake. Lakini dola inayokwenda mahakamani kudai kwa niaba ya raia ndiyo itakayochagua lipi liletwe na lipi lisemwe. Haitayaleta maovu ya askari wake, wala ya wapiganaji inaowaita wazalendo, ilhali madaftari ya wachunguzi yamejaa yote mawili. Mahakama ya dunia huko The Hague iliiamuru Uganda mwezi wa Februari 2022 iilipe Kongo dola milioni 325, na fedha hizo zikaamriwa zilipwe kwa serikali, si moja kwa moja mkononi mwa aliyeumizwa. Serikali ya Kongo, ambayo imeiona faida ya mahakama ya Arusha kwa nafsi yake hata ikaipanda ngazi kumshitaki jirani, haina tena hoja ya kuwazuia watu wake wasiipande ngazi hiyo hiyo kwa miguu yao. Azimio linalotakiwa huwekwa kwa hati moja mbele ya Mwenyekiti wa Kamisheni ya Umoja wa Afrika, Addis Ababa. Haliombi jeshi, wala fedha, wala mkutano mwingine wa marais, na Kinshasa yaweza kulipeleka juma lijalo.